Fishi ya Waosha Maiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Vilikuwa vya dada yangu mkubwa, vyeusi, vyenye kisigino, na vilinibana vidole hata kabla sijalifikia lango la ofisi. Chef de bureau, yaani mkuu wetu wa ofisi, alinitazama toka chini mpaka juu, akasema mbele ya watu wote, akiniita mwananchi wa kike kama wanawake wote walivyoitwa enzi zile: "Citoyenne, na bile biatu utafika wapi? Kazi yetu iko ya miguu." Watu wakacheka. Nikaapa moyoni kwamba huyo mzee sitampenda hata siku moja. Nilimpenda kabla ya mvua za mwaka ule kwisha.

Vijana wa chama chetu cha parokia wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi enzi zile, kwa kuwa nao sasa wanagawa misaada na wanataka kujua wazee walikuwa wanafanyaje. Nimekubali. Lakini wasitegemee hadithi ya kujisifu. Wakitaka sifa, wawaulize wenzangu walioondoka kabla mambo hayajaharibika.

Ofisi yetu ilikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi, ghorofa ya chini, na ilikuwa na jina refu ambalo sitalitaja, maana wengi waliokuwamo wamekwisha kufa na hawawezi kunijibu. Nchi ilikuwa Zaire, Katanga ilikuwa Shaba, na mimi niliyebatizwa Christine nilikuwa nimebaki Ngoie tu kwenye karatasi zote, kwa kuwa serikali ilikataza majina ya Kizungu. Baba yangu alikuja huku toka kaskazini kufanya kazi ya reli. Madini ya shaba yalikuwa bado yanatoka vizuri, moshi wa kiwanda ulikuwa unatuwasha koo kila siku na hatukulalamika, kwa sababu moshi ulikuwa na maana kwamba watu wanakula. Kampuni ya shaba ilikuwa ikitenga fungu la vitu kwa ajili ya vikundi vya wananchi: sabuni, blanketi, saruji, maziwa ya unga, mabati. Ofisi yetu ndiyo iliyoamua kikundi gani kipate na kipi kikose.

Kazi ilikwenda hivi. Kikundi kinaleta ombi, ombi linafunguliwa dosie, yaani faili. Kisha mchunguzi, ambaye ndiye mimi, anakwenda mpaka mahali penyewe na fishi, karatasi ya kurasa mbili iliyojaa maswali: mko wangapi, mnakutana wapi, mnafanya nini, mnahitaji nini. Mwisho wa fishi mchunguzi anaandika avis, maoni yake, kwa neno moja: favorable, wapewe, au défavorable, wasipewe. Anaongeza sentensi mbili tatu za kueleza sababu. Na chini kabisa, juu ya sahihi, anaandika kwa mkono wake maneno matatu ya Kifaransa: Vu sur place. Maana yake nimeona mahali penyewe. Kamati iliyoketi kila Ijumaa haikutoka hata siku moja kwenda kuangalia. Ilisoma avis, ikatazama yale maneno matatu, ikapiga muhuri.

Kwa hiyo mnaona uzito wake ulikuwa wapi.

Nilianzia Annexe, kule pembeni ambako watu walikuwa wanalima mihogo na mboga nyuma ya nyumba za matofali mabichi. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha akina mama waliosema wanafuga kuku na wanaomba mabati ya banda. Nikaenda, nikakaribishwa kiti, nikapewa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, nikaandika. Nikarudi ofisini jioni viatu viko mkononi. Chef de bureau akasoma fishi yangu polepole, kidole kikifuata mistari.

"Kuku uliziona?"

"Baliniambia ziko nyuma ya nyumba, Chef."

"Minauliza kama uliziona."

Akanirudishia karatasi. "Kesho utarudia kule, uende nyuma ya nyumba. Kintu macho yako haikuona, mukono yako isiandike."

Kesho yake nikarudi, safari hii na kandambili. Nyuma ya nyumba hapakuwa na kuku hata mmoja. Palikuwa na mapipa mawili na akina mama watano wanapika sabuni ya mafuta ya mawese, sabuni nzuri kabisa, ila mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba ofisi inapenda kuku. Tulicheka mpaka machozi. Wakapewa mabati, kwa ajili ya kibanda cha sabuni. Chef alinifundisha hivyo kwa miaka mingi, na kama ningekuwa mwanafunzi mzuri kweli, hapa ningemaliza kuandika.

Mzee yule alipostaafu, tulimkabidhi saa ya ukutani na akaondoka. Aliyemfuata aliitwa Directeur, cheo kilikuwa kimepandishwa. Mtu nadhifu, abacost yake, ile suti ya enzi za Zaire, haina mkunjo, hakuwa mwovu. Sitaki mtu amsome vibaya. Alikuwa anapenda karatasi, basi. Dosie iliyopigwa mashine ilimfurahisha kama mtoto aliyepewa peremende. Alikuwa akisema: "Citoyenne, dosie njo inasema. Miye na weye tunasikiliza tu." Na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, niliojifunza kwa masista, na nilikuwa naujua uzuri wake. Directeur akaanza kuonyesha fishi zangu kwa wachunguzi wapya. Kichwa kikanivimba.

Ndipo kipindupindu kilipoingia. Sisi tulikiita kolera, na ilisemekana kilikuja na njia ya reli toka kaskazini, kwetu, jambo ambalo lilinikera. Kilikuwa kinatembea nchi nyingi za Afrika miaka ile, tukikisikia redioni kama habari za wengine, na ghafla kikawa Kenya. Kenya yetu ninayosema ni mtaa wa hapa Lubumbashi, nyumba zimebanana, soko, karakana za mafundi, bomba moja la maji kwa nyua kadhaa. Watu waliacha kushikana mikono. Waliamkiana kwa kiwiko, kisha hata kiwiko wakakiacha. Jumamosi, siku ya salongo ambapo kila raia alitakiwa kufagia mtaa, tulimwaga chokaa kwenye mitaro mpaka barabara zikawa nyeupe.

Kampuni ikaongeza fungu. Zikaja ndoo za klori, magunia ya chokaa, sabuni, mapipa, na makasha ya glavu za mpira. Wakubwa wakatoa agizo la busara, ninalisifu mpaka leo: vitu hivi vipitie kwa vikundi vidogo vya watu, kwa sababu hospitali imejaa na wao ndio walio karibu na wagonjwa. Maombi yakamiminika. Kikundi cha wanafunzi wa Kasapa kilileta dosie iliyopigwa mashine, na ramani, na muhuri wa zambarau. Nikaenda chuoni kwao, nikawaona wanachemsha maji na kuyagawa, nikaandika favorable, wakapata boni siku ileile. Boni ni ile karatasi ya kutolea vitu ghalani. Walistahili, na walifanya kazi nzuri.

Ombi la akina mama wa Kenya lilikuja kwenye karatasi ya daftari la hesabu, yenye vijimraba. Liliandikwa na Salima, msichana aliyekuwa anasomea ualimu, kwa niaba ya mama yake. Mahali pa jina la kikundi alikuwa ameandika tu: Banamuke ba kuosha. Hawakuwa na jina jingine. Walikuwa wanawake Waislamu, familia zao zimetoka Maniema, waume zao mafundi cherehani na wachuuzi, na kazi yao ilikuwa moja: mwanamke wa kwao akifa, wanamwosha kama dini yao inavyotaka, wanamvika sanda. Walifanya hivyo toka enzi za mabibi zao bila kumwomba mtu yeyote chochote. Sasa waliomba glavu, klori, na saruji kidogo.

Nilikwenda siku ya Alhamisi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya mtoto wangu wa tatu. Mama yake Salima, Mama Mwamini, alinipokea mlangoni pa ua. Mwanamke mfupi, mikono mipana, sauti ya kuamuru bila kukasirika. Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo cha matofali chenye pazia mlangoni.

"Karibu, mama," akasema. "Ulikuya ku saa ya muzuri. Leo tuko na maiti moja mule. Ingia, uone bile tunafanya."

"Apana, mama. Hapa inatosha."

"Hapa hauone kintu. Ingia kidogo tu. Maji inapita fasi mubaya, minataka uone na macho yako."

"Niko na mimba, mama. Kwetu, mwenye mimba haingiake penye maiti."

Akatazama tumbo langu, akalainika. "Basi, mama, iko bile. Salima atakuelezea."

Na Salima akanielezea. Alikuwa anaongea vizuri, kama mwalimu tayari, mikono imeunganishwa mbele. Alisema wanaosha kwa mikono mitupu. Alisema siku hizi maiti ni wengi na wamechafuka kwa ugonjwa. Alisema neno juu ya mfereji. Sikumsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimejifunika pua na leso na nilikuwa naitazama saa yangu. Nyuma ya pazia nilisikia maji yakimiminwa, na mwanamke mmoja akisoma dua kwa sauti ya chini. Nilikaa pale mlangoni labda robo saa. Pazia sikulifunua.

Nataka kusema hili wazi, maana nimelizungusha miaka mingi. Mimba ilikuwa sababu nzuri ya kutoingia. Mama Mwamini mwenyewe aliikubali. Haikuwa sababu ya kuandika kwamba niliona. Ningeweza kumwomba mwenzangu aende kesho yake, walikuwapo wanawake wawili ofisini wenye miguu mizima. Ningeweza kuandika "sikuingia," neno moja. Lakini kesho yake ilikuwa Ijumaa, kamati inaketi, Directeur anataka dosie zote mezani kabla ya saa nne, na mimi nilikuwa yule mwenye mwandiko mzuri. Na kuna jambo jingine, baya zaidi. Nilikuwa nimekwisha kuamua kichwani kwamba haya ni mambo ya dini yao. Mimi Mkatoliki wa kaskazini, niliyelelewa na masista, niliona kuosha maiti ni ibada, na ibada si kazi ya ofisi yetu.

Nikaandika hivi, na ninakumbuka kila neno: "Kikundi cha mazishi. Mahitaji yao yanahusu waliokwisha kufa. Msaada wa sasa ni wa walio hai. Défavorable." Chini yake, kwa herufi zangu za masista: Vu sur place. Ngoie.

Directeur alisoma sentensi ile kwa sauti mbele ya kamati. "Msaada wa sasa ni wa walio hai. Musikie! Citoyenne anaandika muzuri." Wote wakaitikia kwa kichwa, muhuri ukapigwa, dosie ikafungwa. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikapika, nikala.

Haikuchukua muda. Katika zile nyumba zilizo nyuma ya ua wa Mama Mwamini, watu walianza kuugua mmoja baada ya mwingine, na si Waislamu tu, hata Wakatoliki wenzangu. Agent wa usafi wa mtaa, kijana mmoja mwembamba mwenye buti, akazunguka akichora. Akaleta mchoro wake ofisini kwetu kwa sababu alisikia kwamba tuna klori. Aliuweka juu ya meza ya Directeur. Chumba cha kuoshea, kibao cha kulazia maiti, na mfereji sakafuni unaopita chini ya ukuta na kutokea hatua chache tu kutoka kwenye bomba ambako nyua nne zilikuwa zinachota maji. Kwa desturi yao, pangekuwa na nafasi, wangechimba shimo maji yakazama ardhini. Kenya hapana nafasi. Ile saruji waliyoiomba ilikuwa ya kuziba mfereji huo na kujenga shimo. Klori ilikuwa ya kumwaga kwenye maji hayo. Walikuwa wanaomba kwa ajili ya mtaa mzima, waliokuwa hai wote.

Directeur akaagiza dosie iletwe. Akaisoma, akaniita.

"Citoyenne, ulifika pale?"

"Nilifika, Directeur."

"Na mufereji haukuuona?"

"Haukuonekana, Directeur."

Haukuonekana kutoka mlangoni. Maneno hayo ya mwisho niliyameza. Alinitazama kidogo, kisha akafunga dosie. "Basi banamuke bale balikuficha." Sikusema hapana. Hapo ndipo kosa langu lilipoacha kuwa kosa likawa uongo, na niliwabebesha wanawake walionisihi niingie. Klori ilipelekwa wiki ile kwa njia ya agent wa usafi, mfereji ukazibwa, bomba likasafishwa. Ilikuwa imechelewa kwa watu kadhaa. Ilikuwa imechelewa kwa Salima.

Alikuwa amemsaidia mama yake kuosha, kwa mikono mitupu, kama alivyoniambia. Alishikwa asubuhi, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha. Habari zilinifikia sokoni. Nilikwenda matangani na tumbo langu kubwa, nimevaa kitenge cheusi. Niliketi mkekani pamoja na akina mama wengine. Nilidhani Mama Mwamini atanifukuza mbele ya watu, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, ningeona afueni. Akaja mwenyewe kuketi karibu nami. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilimuosha miye mwenyewe," akasema. "Benzetu baliogopa. Siwalaumu."

Nikamwambia pole, mama, pole sana.

"Weye ulikuya," akasema. "Ulituandikia. Bakubwa njo balikatala. Siko na neno na weye."

Nilifungua mdomo. Nawaambia kweli, nilifungua mdomo. Halafu mtu akapita na sinia ya chai, akina mama wakasogea, Mama Mwamini akainuka kumpokea mgeni mwingine. Nilikunywa chai ile. Ilikuwa na tangawizi nyingi na sukari kidogo, na mpaka leo chai ya namna hiyo siwezi kuimaliza.

Mtoto wangu alizaliwa salama, wa kiume. Mama Mwamini alikuja kumwona na kitambaa cheupe alichokishona mumewe. Alimbeba, akamwombea kwa Kiarabu, akaniambia ana masikio ya mtu mkaidi. Toka siku ile, kila Idi, ilikuja kwangu sahani ya wali wa mafuta na nyama imefunikwa na kitambaa. Kila Noeli nilipeleka kwake kuku. Watu walisema tazameni urafiki wa Mkristo na Mwislamu. Nilikuwa nakubali kwa kichwa.

Ugonjwa ulipopungua tulifanya orodha ya vitu vilivyobaki ghalani. Niliifanya mimi. Kwenye rafu ya mwisho nilikuta makasha ya glavu, mengi, hayajafunguliwa hata moja. Hakuna kikundi kilichoziomba, isipokuwa kimoja. Wanafunzi walitaka klori, parokia zilitaka sabuni na mapipa. Baadaye zile glavu ziligawiwa kwa watu wa salongo, na nilizoea kuziona barabarani Jumamosi, wafanyakazi wa serikali wakiokota takataka wamevaa mikono ya mpira ya Salima. Kuna Jumamosi moja nilirudi nyumbani katikati ya kazi nikasema kichwa kinauma.

Mnaniuliza kwa nini sikumwambia Mama Mwamini. Nilijaribu mara tatu. Mara moja nilikwenda mpaka kwenye ua wake na maneno nimeyapanga, nikamkuta anacheka na wajukuu, nikasema nimekuja kuazima ungo. Mara ya pili mvua. Mara ya tatu sikumbuki, woga tu. Nilikuwa nimepandishwa cheo, nimekuwa chef de bureau mwenyewe, chini ya Directeur, na niliogopa kwamba akijua atasema, na akisema watajua ofisini. Kisha hata sababu hiyo ilikwisha, ikabaki kwamba nilikuwa naupenda ule wali wa Idi, na yule aliyekuwa anauleta. Niliogopa kumpoteza mtu ambaye sikustahili kuwa naye. Sijui niliseme namna gani nyingine.

Nilichofanya, niliwasumbua vijana. Mchunguzi aliyekuwa chini yangu hakuandika Vu sur place mpaka anieleze rangi ya mlango wa nyuma. Nilimrudisha mmoja mpaka Annexe kwa mguu kwa sababu alisema kisima kina maji na hakukichungulia. Mwingine alilia. Waliniita Mama Ingia, wakidhani siwasikii, wakaniigiza kwenye ngazi: "Uliingia? Uliingia ndani kabisa?" Siku ya kustaafu kwangu, kijana mmoja alisimama na kusema kwamba katika ofisi nzima hakuna aliyekuwa mwaminifu kwa yale maneno matatu kama Mama Ngoie. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naitazama meza, keki, na kile chumba chenye pazia. Niliwapa saa ya ukutani iliyokuwa ofisini kwangu, maana siku hizo hakuna aliyeweza kuninunulia mimi. Zaire yenyewe ilikuwa imechoka.

Nilipumzika. Nilipanda mboga. Wali uliendelea kuja, sasa ukiletwa na Zaituni, mwanamke aliyeshika uongozi wa wale waosha maiti Mama Mwamini alipoanza kuumwa magoti. Nilikuwa namtembelea Mama Mwamini, tunaketi kibarazani, tunasema habari za bei za unga na masikio ya mwanangu. Hakunitajia siku ile ya pazia hata mara moja. Nami sikumtajia.

Asubuhi moja Zaituni alikuja bila sahani. Alisimama langoni pangu.

"Mama Ngoie, Mama Mwamini alitutoka leo asubuyi."

Zaituni akanishika mkono.

"Aliacha neno juu yako. Kuosha tutaosha siye, weye hauko wa dini yetu. Lakini alisema weye njo utachota maji."

"Miye? Juu ya nini miye?"

Zaituni akatazama chini. Alikuwa amepewa maneno ya kufikisha na aliyafikisha kama yalivyo. "Alisema: 'Siku ile Mama Ngoie hakuingiaka. Mumuambie leo aingie.'"

Kumbe alijua. Alikuwapo. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu wakati nimeshika leso puani, na agent wa usafi alipokuja kuziba mfereji alimweleza jinsi karatasi ya ofisi ilivyosema, kwamba mchunguzi ameona. Zaituni aliniambia haya tukiwa njiani. Alijua toka kabla ya matanga ya Salima. Aliponiambia wakubwa ndio waliokataa, alikuwa ananifungulia mlango nipite, na mimi nikakaa kimya mlangoni kama mara ya kwanza. Sahani zote zile alizituma akijua.

Nilifika kwenye ua ule. Pazia lilikuwa jingine, la kijani. Nililifunua kwa mkono wangu.

Chumba ni kidogo, watu watano wakiingia wamejaa. Kibao ni cha mti mgumu, kimelainika katikati kwa miaka ya kuoshwa. Upande wa kushoto kuna ndoo za klori. Sakafuni, toka kwenye kibao mpaka ukutani, unauona mstari wa saruji, mpana kama kiganja, rangi yake tofauti na sakafu nyingine. Ndipo ulipopita mfereji. Mtu yeyote anayesimama humu anauona bila kuinama. Mama Mwamini alikuwa amelala amefunikwa, mikono yake mipana iko kando.

Zaituni alinipa glavu. Wanazinunua wenyewe siku hizi, wanachanga. Nilizivaa, zikanibana vidole. Nikachota maji nikampa, nikachota tena, mpaka wakamaliza.

Vu sur place.
Ngoie